Mgeni njoo Pemba, lakini mkulima naye apone

ASUBUHI moja nilikuwa bandarini Mkoani nikisubiri mzigo wangu, meli kutoka Unguja imeshafunga gati. Wachukuzi walikuwa wakishusha matenga ya tungule, au nyanya kama wanavyoziita wenzetu wa Bara, magunia ya vitunguu na mbatata, na trei za mayai zilizofungwa kwa kamba. Sehemu ya mzigo ule ikapakiwa kwenye gari la hoteli moja ya kitalii. Hatua chache kutoka hapo alikaa mama mmoja chini ya mwembe na mafungu yake ya tungule, mapapai na pilipili boga, akiwauzia wapita njia. Gari lilimpita bila hata kupunguza mwendo.

Nilimuuliza kijana aliyekuwa akisimamia mzigo: "Mwanangu, tungule za yule mama hazifai?" Akacheka kwa adabu. "Zinafaa, mzee wangu, tena nzuri kuliko hizi. Lakini leo anazo, Jumatatu hana. Mpishi hawezi kumwambia mgeni asubiri mpaka zitakapoiva nyingine."

Jibu la kijana yule ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tunapozungumzia utalii wa Pemba huwa tunazungumzia fukwe, viwanja vya ndege na wawekezaji. Mimi naona faida au hasara ya utalii kwa mwananchi wa kisiwa hiki itaamuliwa jikoni mwa hoteli, na hasa katika swali dogo tu: kapu la jikoni linajazwa na nani?

Kwamba Pemba ina cha kumvutia mgeni, hilo halina ubishi. Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, na hawakukosea. Ni kisiwa cha vilima na mabonde, mikarafuu na minazi. Kaskazini upo msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi. Yapo magofu ya Pujini, alikotawala Mkama Ndume, na ya Ras Mkumbuu. Zipo aina nne za ndege ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani, akiwamo ninga wa Pemba. Mkondo wa bahari baina yetu na Bara una kina cha mamia ya mita, na kuta zake za matumbawe huwaleta wazamiaji kutoka mbali. Tangu mwaka 2013 kipo hata chumba cha hoteli kinacholea juu ya maji huko kaskazini magharibi, ambacho mgeni hulala chini ya usawa wa bahari akiwatazama samaki kupitia kioo.

Lakini wageni walio wengi bado hawafiki huku. Zanzibar ilipokea watalii 538,264 mwaka 2019. Mwaka 2024 walifika zaidi ya 730,000. Sehemu kubwa ya hao huishia Unguja: Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na Mji Mkongwe. Pemba hupata wachache. Wapo wanaosikitika kwa hilo. Mimi nasema kuchelewa huku kunaweza kuwa bahati, kama tutakubali kujifunza kwa waliotangulia.

Unguja imefundisha nini? Ilijenga hoteli kwanza, ikafikiria mkulima baadaye. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu mapato ya utalii Zanzibar ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula kinacholiwa hotelini kinatoka nje ya visiwa, na kwamba mgao unaomfikia mwananchi wa kipato cha chini ni mdogo. Kaulimbiu ya "Utalii kwa Wote" ilikuja wakati hoteli zimeshazoea wauzaji wao, zina simu zao na hesabu zao. Mazoea ya namna hiyo ni magumu kuyavunja. Mnunuzi akishampata mtu wa kumletea vitu kila siku bila kukosa, hatamwacha kwa sababu tu wewe ni jirani yake.

Sisi wa Pemba tuna tatizo letu jingine, na tulikiri bila kuoneana haya. Karafuu imetulea, imetusomeshea watoto na imetujengea nyumba, lakini pia imetufundisha biashara ya namna moja. Karafuu ina msimu. Ukichuma na kuanika, unapeleka kituoni kwa mnunuzi mmoja, ambaye ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, kwa bei iliyotangazwa. Zinapimwa, unalipwa, unarudi nyumbani. Hakuna kutafuta soko wala kupatana bei, na hakuna mteja anayekupigia simu alfajiri kuuliza mzigo uko wapi.

Hoteli ni kinyume cha hayo yote. Haina haja ya gunia kumi kwa mwezi mmoja halafu kimya miezi kumi na moja. Inataka kidogo, lakini inataka kila siku, na inataka cha leo kifanane na cha jana. Mkulima aliyezoea karafuu anaposikia neno hoteli hufikiri ni lazima awe na shamba kubwa ndipo aweze kuiuzia. Si kweli, na hesabu ifuatayo itaonyesha.

Tuchukue mfano wa hoteli ya vyumba 20 iliyojaa, watu wawili kila chumba. Hao ni wageni 40. Kila mmoja akila mayai mawili asubuhi, ni mayai 80 kwa siku, sawa na trei 80 kwa mwezi. Trei 80 zinatisha kuzisikia. Lakini kuku wa mayai aliyetunzwa vizuri hutaga takriban siku tatu katika kila nne. Kwa hiyo mayai 80 kwa siku yanahitaji kuku kama 110 tu. Akina mama watano wenye kuku 25 kila mmoja wanaweza kuilisha hoteli hiyo mwaka mzima.

Tuendelee. Kila mgeni akila nusu kilo ya matunda kwa siku, hizo ni kilo 20. Akila robo kilo ya samaki, ni kilo 10. Ukiyatazama matunda yanayoozea chini ya miti yetu wakati wa msimu, na samaki wanaopandishwa kwenye madiko yetu kila alfajiri, utaona kwamba wingi si tatizo. Tatizo ni mpangilio. Yule mama wa Mkoani hakushindwa kwa sababu ya tungule zake. Alishindwa kwa sababu alikuwa peke yake.

Mkulima mmoja wa tungule hawezi kuvuna kila wiki ya mwaka. Mche ukishahamishiwa shambani huchukua miezi miwili na nusu hadi mitatu ndipo uanze kutoa, kisha huvunwa kwa wiki chache na kwisha. Lakini wakulima wanne walioelewana, kila mmoja akipanda wiki tatu baada ya mwenzake, wanaweza kuvuna kwa kupokezana. Yule anayemaliza anampisha anayeanza. Hoteli haioni pengo. Hili halihitaji mkopo wa benki wala mtaalamu kutoka nje. Linahitaji daftari, kalenda na watu wanaoaminiana.

Na kalenda yenyewe iko upande wetu. Wakati wa masika tungule huharibiwa na mvua na ukungu, na kupata mboga nzuri huwa kazi. Lakini ni wakati huo huo, Aprili na Mei, wageni hupungua na baadhi ya hoteli za pwani hufunga kwa matengenezo. Wageni wengi huja Julai na Agosti, kisha tena kuanzia Desemba. Kipupwe kinapoingia, mabonde mengi yaliyovunwa mpunga bado yana unyevu, na hapo ndipo mboga zingestawi kwa gharama ndogo ya kumwagilia. Wengi wetu tunayaacha mabonde hayo yalale mpaka mvua zijazo.

Najua mtu ataniuliza: Julai si ndiyo kazi ya karafuu inaanza, na mikono itatoka wapi? Swali ni la haki. Mwaka wa mavuno makubwa, kijiji kizima huwa kwenye mikarafuu, na sitamshauri mtu yeyote aache karafuu ivunjike mtini akamwagilie mchicha. Ndiyo maana nasema kazi hii ifanywe kwa kikundi na kwa zamu. Ndiyo maana pia nasema ianze na vile visivyogombania mikono na karafuu: kuku, mayai, maziwa, asali, mapapai, ndizi, mananasi na viungo.

Kuhusu viungo, inashangaza kwamba kisiwa kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar kinamwacha mgeni aondoke bila hata kipakiti. Pale Wawi tuna kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo na mimea mingine. Wageni hupelekwa kukiona, wananusa, wanapiga picha. Mfanyabiashara mdogo anaweza kuuza mdalasini, pilipili manga, hiliki na mchaichai uliokaushwa, vikiwa vimefungwa vizuri na kuandikwa jina la kijiji vilikotoka. Karafuu ina sheria yake ya mauzo na lazima ifuatwe, kwa hiyo anayetaka kufunga vipakiti aulize kwanza taratibu za Shirika. Viungo vingine havina kizuizi hicho.

Jambo la pili linalomtoa mkulima sokoni ni malipo. Mkulima anataka fedha mkononi leo, kwa sababu leo ana mtoto wa kumnunulia daftari. Hoteli nyingi hulipa mwisho wa mwezi, nyingine baada ya hapo. Mkulima akikaa wiki tatu bila kulipwa, wiki ya nne anapeleka mzigo sokoni, na mpishi anarudi kwenye matenga ya melini. Kila mmoja anamlaumu mwenzake, na wote wana haki.

Dawa yake ni kikundi kuwa na mfuko. Ushirika au SACCOS ikipokea mzigo wa mwanachama impe stakabadhi na imlipe angalau nusu papo hapo, kisha ushirika ndio uisubiri hoteli. Mwanzo mfuko utakuwa mdogo, lakini stakabadhi za hoteli zenyewe ni ushahidi unaoweza kupelekwa benki kuombea mkopo wa kuuzungusha. Benki haimkopeshi mtu kwa kuwa ana mapapai. Inaweza kumkopesha mwenye mkataba na kumbukumbu za miezi sita zinazoonyesha kwamba alipeleka na akalipwa.

Hapa nina neno kwa wafanyabiashara wadogo, wale tunaowaita madalali kwa dharau. Mtu mwenye pikipiki na simu anayepita mashamba kumi alfajiri, akakusanya, akachambua na kufikisha hotelini kabla ya saa mbili asubuhi, huyo si mnyonyaji. Anafanya kazi ambayo mkulima hawezi kuifanya akiwa shambani. Kinachotakiwa ni bei yake ijulikane, mizani yake iwe ya haki, na ushirika uwe na nguvu ya kumbadilisha akizidi tamaa.

Sasa tuingie baharini. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, kwenye pwani ya mashariki, ile ile ambayo baadaye ilijaa hoteli. Mwenye hoteli anataka ufukwe mtupu wa kuogelea, mama wa mwani anataka vigingi vyake visiguswe, na mvuvi anataka diko la kupandishia chombo. Ufukwe ni mmoja. Isipoandikwa mapema nani anatumia wapi, ataamua mwenye fedha.

Ndiyo maana habari ya Misali inafaa kukumbukwa. Katika miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa kukikodisha kisiwa kile kwa ajili ya hoteli. Wavuvi wanaokitegemea walipinga, na mwaka 1998 kikatangazwa eneo la hifadhi. Hawakufukuzwa baharini. Sehemu ndogo ya maji ilifungwa kabisa ili samaki wazaliane, na sehemu kubwa ikaachwa wazi kwa uvuvi usioharibu. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa na kugusa mkondo wa magharibi wa Pemba. Sisemi kila kitu kimekwenda sawa tangu hapo. Nasema tu kwamba wavuvi walisema mapema, na kwa kuwa walisema mapema walisikilizwa.

Kidike nako kuna somo. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwingine duniani, aliwindwa kwa kitoweo hadi ikahofiwa kwamba atatoweka. Wanakijiji walipoamua kuilinda miti anayolala, popo waliongezeka, na leo mgeni hulipa kiingilio ili awaone. Popo wa mchuzi huliwa siku moja. Aliye hai juu ya mti huingiza fedha kila anapokuja mgeni.

Wapo ndugu zetu wanaouogopa utalii kwa sababu ya maadili. Hofu yao si ya kubezwa. Pemba ni kisiwa cha watu wa dini na heshima, na hakuna sababu ya kuiuza heshima hiyo kwa trei za mayai. Lakini mgeni huheshimu masharti anayoyakuta yamewekwa. Kijiji kikiandika mavazi ya kupita mtaani, mahali pa kuogelea na wakati wa kutopiga picha, na mwenye hoteli akayabandika ukutani, wageni walio wengi watafuata. Kijiji kisichosema lolote kitakuja kulalamika baadaye.

Pia nataka tuweke akiba ya tahadhari. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu yake mingi, na tangu hapo Pemba ikashika usukani wa zao hilo. Aliyekuwa ametegemea mti mmoja aliamka hana kitu. Utalii nao una vimbunga vyake. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea duniani, watalii walioingia Zanzibar walipungua hadi chini ya nusu ya wale wa mwaka uliotangulia. Waliokuwa na shamba walikula cha shambani. Waliouza shamba wakanunua gari la kubebea wageni walilitazama likipata kutu. Kwa hiyo mkulima wa Pemba asing'oe mkarafuu kwa ajili ya mtalii. Aongeze mguu wa pili, asiukate ule wa kwanza.

Serikali nayo ina wajibu wake. Imetangaza mipango ya kuupanua uwanja wa ndege wa Pemba, na wawekezaji wanaitwa kila siku. Umeme unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, kwa hiyo hata chumba cha baridi cha kuhifadhia mboga na samaki pale Chake Chake au Wete si ndoto. Ninaomba mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa kukodisha ardhi ya utalii uwe na kifungu cha manunuzi ya ndani, na hoteli itoe taarifa kila mwaka imenunua nini na kwa nani. Pili, mabwana shamba wapewe jukumu la kukaa na wapishi wa hoteli kabla ya msimu, ili mkulima ajue kinachotakiwa kabla hajapanda. Tatu, madiko na maeneo ya mwani yachorwe kwenye ramani na kulindwa kabla nguzo ya kwanza ya hoteli haijasimikwa.

Ataniambia mtu: hoteli zenyewe za Pemba zinahesabika, haraka ya nini? Haraka ni hiyo hiyo. Ardhi ya Zanzibar hukodishwa kwa miongo, si kwa miezi. Mkataba ukishatiwa saini bila kifungu cha mkulima, mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima kabla haujafunguliwa tena. Hoteli zikiwa chache ndio wakati wa kujizoeza: kikundi kimoja, hoteli moja, bidhaa mbili, miezi sita bila kukosa. Wakifika wengine watakuta tuko tayari.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atazame. Yule mama wa Mkoani sijui kama bado anakaa chini ya mwembe ule. Natamani siku moja nimkute hayupo, kwa sababu tungule zake, na za wenzake watatu, zimeshachukuliwa tangu alfajiri.